Gobore la Mihambo na Nyati wa Kisimani

"Gobore hushindiliwa kwa mnyama, si kwa hasira." Ndiyo methali mliyoisikia leo kwa mama yenu, alipomwona ndugu yenu Masanja ameshika gongo zima kumfuata mbuzi aliyekula miche yake. Mmecheka, kisha mkaniuliza: bibi, gobore limeingiaje kwenye habari za mbuzi? Kaeni basi. Mambo yalikuwa hivi.

Ng'ambo ya mto Ugalla, mama yangu akiwa mtoto, palikuwa na mwindaji akiitwa Mihambo. Wenye shabaha kumshinda walikuwapo. Lakini nyama ya Mihambo ilikuwa safi, haikusagika, wala hukusikia kwamba mnyama wake yuko porini anachechemea na jeraha.

Gobore, kwa ninyi msiolijua, halina risasi ya dukani. Unalijaza mwenyewe kwa mdomo wa mtutu: baruti, nyuzi za magome, gololi, nyuzi tena, kisha unashindilia kwa mdeki, ile fimbo nyembamba ya chuma. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani lazima ujue unamwendea nani. Kwa kanga Mihambo alitia punje ndogondogo. Kwa swala, gololi moja laini. Kwa nyati aliyeyusha madini ya risasi akayachanganya na bati, akapata gololi ngumu isiyopondeka kwenye mfupa. Na baruti je? Aliiweka gololi kiganjani, akaimiminia baruti polepole mpaka isionekane. Ikishafichika, basi. Gololi kubwa ilitaka nyingi, ndogo ilitaka kidogo. Mnyama mwenyewe ndiye aliyepima.

Sasa nyati mmoja dume, mzee aliyefukuzwa na kundi, akahamia kwenye matete ya kisima. Lubinza, mdogo wake Mihambo, alipita pale kunywa maji akitoka kurina asali. Nyati akamrusha. Akaletwa nyumbani kwa machela, paja limepasuka. Wanawake wakabaki na vibuyu vitupu, maana kisima kilikuwa hicho kimoja tu.

Mihambo alimtazama mdogo wake. Akachukua gobore, akaketi uani. Mkewe, Nyamizi, akamshikia pembe ya baruti kama siku zote. Gololi ikawekwa kiganjani, baruti ikamiminwa, gololi ikafichika. Mihambo akaendelea kumimina. Baruti ikamwagika katikati ya vidole. Akaitia yote mtutuni, akaongeza kiganja kingine, akatupia gololi mbili juu yake, akashindilia mpaka jasho likamtoka.

"Baba Kalunde," Nyamizi akasema taratibu, "huko unakokwenda kuna nyati wangapi?"

"Mmoja."

"Mbona umewajazia wawili?"

"Kwani hukuliona paja la mdogo wangu?"

"Nimeliosha kwa mikono yangu. Lakini nyati hajui kama umekasirika. Atakayejua ni mtutu, na mtutu uko shavuni kwako."

Kapungu, jirani yao, alikuwa amesimama hapo na gobore lake begani. Akaangua kicheko. "Shemeji, mwache mwanamume! Mimi langu nimelijaza mpaka shingoni. Nyati akisikia mlio tu, ataomba radhi."

Watu wakacheka. Na hapa ndipo ninapompendea Mihambo, wajukuu zangu. Mbele ya ua mzima, watu wakinong'ona kwamba ameogopa, alifunga chuma kilichopinda kwenye ncha ya mdeki, akachokonoa nyuzi, akazitoa gololi, akaimwaga baruti yote ungoni. Ni kazi ndefu hiyo, tena ya aibu. Kisha akaanza upya: gololi moja ngumu, baruti mpaka ifichike. Basi.

"Unakwenda kuwinda kanga?" Kapungu akamtania.

"Twende," Mihambo akajibu.

Waliobaki nyumbani wakatega masikio. Ukaja mlio mkubwa, kuku wakatawanyika. Wanawake wakapiga vigelegele. Kisha ukaja mlio mwingine, mdogo, mkavu. Kisha kimya. Lubinza akaanza kulia pale kitandani: "Kaka yangu amekwisha."

Kumbe ule mkubwa ulikuwa wa Kapungu. Gobore lake lilimbwaga chali matopeni, bega likateguka, gololi zikapita juu kabisa. Nyati akatoka mateteni, akamwendea pale pale alipolala. Mihambo alikuwa amepiga goti pembeni. Akangoja. Nyati alipompa ubavu, akafyatua, nyuma tu ya bega. Yule dume akayumba, akapiga magoti, akaanguka karibu na Kapungu kiasi cha kumpumulia miguuni.

Mihambo akarudi nyumbani, mkono mmoja ameshika mkia wa nyati, mkono mwingine anamkokota Kapungu anayegumia.

"Kaka," Lubinza akamuuliza, na sauti ilikuwa na kinyongo, "mlio ule mdogo ndio wako? Mimi nimeraruliwa hivi, wewe umemwendea na baruti ya kila siku?"

Mihambo akaketi karibu naye. "Mdogo wangu, hasira niliyokuwa nayo ingejaza mitutu ya kijiji kizima. Lakini aliyekuwa kisimani ni nyati. Nilimjazia yeye."

Lubinza akaomba maji, na Nyamizi akamletea kibuyu kilichotoka kuchotwa, bado kinachuruzika.

Kapungu ndiye aliyelifupisha neno lile, bega lake likiwa limefungwa kwa kaniki, na hakuacha kulisema mpaka uzee wake, kila alipomwona mtu amefura: gobore hushindiliwa kwa mnyama, si kwa hasira.