Mwiko wa Fisi na Midomo ya Punda

Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana mimi nikishaanza sisimami hata nikiitwa kula.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka kivuli kikawa kinatafuta kivuli. Mamba alitembea na maji yake kwenye kibuyu. Majani je? Twiga alinyoosha shingo mpaka akagonga mwezi kwa kichwa, na hakuona hata jani moja.

Fisi peke yake ndiye alikuwa na mtama ghalani. Akafungua kibanda cha uji: leta mfupa, upate bakuli. Akamwajiri Punda akoroge, ujira debe la pumba kila jioni. Sufuria ilikuwa kubwa, Kiboko angeogelea humo pamoja na wakwe zake. Mwiko ulikuwa mfupa wa paja la twiga, na kwa kuwa Punda hana vidole, aliushika kwa meno.

Sasa Fisi ni Fisi tu. Kila akipita, anaumega ule mwiko. Leo ncha, kesho ncha.

"Tajiri," Punda akalalamika, "mwiko umebaki kama kidole. Uji unanirukia."

"Koroga wewe! Mwiko haujapungua, ni meno yako yamerefuka."

Siku ya nne uji ukatokota, ukaruka pwaa! Ukamganda Punda midomo yote miwili. Alilia, jamani, mpaka milima ikaziba masikio. Midomo ikavimba kama maboga. Kutafuna hawezi, kukoroga hawezi, na asiyekoroga hapati pumba.

Akamwendea Fisi, akasema kwa tabu, "Tajiri, nimeungua kazini kwako. Nipe fidia, pumba laini mpaka nipone."

"Hii hii hii! Fidia? Wewe ulichovya mdomo uniibie uji! Twende kwa Simba. Na mwizi anafukuzwa kisimani, unajua."

Kisima kilikuwa hicho kimoja tu. Kufukuzwa hapo ni kuchimbiwa kaburi.

Siku ya kesi midomo ya Punda ilikuwa imevimba zaidi. Fisi akaja na mwiko mpya kabisa, paja jingine la twiga, bichi, linang'aa mafuta.

"Mfalme, mwiko wangu ndio huu. Mrefu hivi, mtu anaunguaje kama si mwizi?"

Simba akajichana manyoya. "Punda, unasemaje?"

"Bwu bwu bwu," akasema Punda.

Sungura akaruka mbele. "Kaka Punda, nyamaza, utachanika. Mfalme, shahidi wetu ni huo mwiko. Ulazwe hapo chini, Bwana Fisi aulinde mwenyewe. Lakini jamani, kesi imeanza na Mfalme hajasifiwa?"

"Ndiyo maana!" Simba akanguruma. "Nilihisi kuna kitu kimepungua!"

Desturi ya baraza lile, Simba akisifiwa, wote huinamisha vichwa na kufumba macho mpaka sifa ziishe. Na haziishi! Sungura alianza asubuhi, jua la utosi likamkuta bado yuko kwenye mkia.

"Ee mwenye mkia unaofagia mawingu! Ee mwenye mkia uliomchapa radi akalia!"

Kro. Kro. Kro.

"Nani anatafuna?" Simba akauliza, macho kafumba.

"Mchwa, Mfalme," Fisi akajibu, mdomo umejaa.

Sifa zikaisha, macho yakafumbuliwa. Pale chini palibaki kitu kama njiti ya kuchokolea meno.

"Mwiko uko wapi?"

"Umesinyaa, Mfalme. Si unaona ukame huu!" Kipande cha mfupa kikamdondoka kidevuni.

"Huo umemalizwa kwa sifa za mara moja," Sungura akasema. "Ule wa Punda ulikaa na Fisi siku nne."

Simba akasimama. "Unatafuna mimi nikisifiwa? Tena kwenye mkia! Utampa Punda madebe mawili ya pumba laini kila siku mpaka apone. Na uji utakoroga wewe, kwa njiti hiyo hiyo."

Kesho yake Fisi akaing'ata ile njiti, akainama juu ya sufuria. Pwaa!

"Uwiii! Nimeungua! Nataka fidia!"

Punda alikuwa kivulini analamba pumba yake taratibu, midomo imeanza kunywea. Akainua kichwa.

"Tajiri, mwiko haujapungua. Ni meno yako yamerefuka."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.