Mng'aro Aliokula Baba Mkwe

Ukinunua mng'aro, utakula mng'aro. Hivyo ndivyo mjomba wenu Lugano alivyowaambia leo dukani, nanyi mkamcheka. Mnataka tuitupe mashine yangu ya kujazia soseji, hiyo ya kijivu iliyo pale mezani, eti imezeeka kwa sura, tununue ile inayowaka dirishani. Sasa mnaniuliza maneno yale yametoka wapi. Kaeni. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa kwenye mji ule ng'ambo ya kijito, na mimi nilikuwepo, nimembeba mama yenu tumboni.

Nilikuwa na jirani aitwaye Subilaga, mke wa mwana wa mzee Mwambungu. Alikuwa fundi wa soseji. Alijifunza kwa masista, akaja nazo huku migombani kwetu, ambako nguruwe tulimjua kwa kuchoma na kuchemsha tu. Alisaga nyama, akaitia chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga, kisha akaishindilia ndani ya utumbo uliooshwa, kwa faneli na dole gumba. Kazi ile ilimvimbisha vidole, lakini hakuthubutu kuiacha. Mzee Mwambungu alikuwa ameishiwa meno, tena ametoka kuugua, na soseji laini za mkwewe ndicho chakula pekee alichokimaliza. Zisipopikwa, sahani ilirudi kama ilivyokwenda.

Ninyi wa leo mnakaa meza moja na wakwe zenu mkipiga soga. Zamani zile, huku kwetu Rungwe, mke wa mtu hakumtazama baba mkwe wake. Hakutaja jina lake wala kukanyaga nyumbani mwake. Akimwona njiani alijitupa migombani, akajifunika khanga mpaka apite. Aliyevunja mwiko huo, ilisemekana watoto wake wangekauka, na wazee wangemrudisha kwao na kudai ng'ombe wa kutakasa. Kwa hiyo Subilaga alipika, na wifi yake, Tumwimbe, alipeleka.

Vidole vilipomshinda, mumewe akakubali wanunue mashine. Tulikwenda gulioni Tukuyu wanawake watatu: Subilaga, Tumwimbe na mimi. Muuzaji alikuwa nazo mbili. Moja nzito, ya kijivu, chuma kitupu ndani na nje, hata gia zake. Nyingine nyepesi, inang'aa hivi kwamba ulijiona uso.

Sasa sikilizeni kosa letu. Subilaga hakununua chungu cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, bila kukigonga kwa kidole na kusikiliza. Akifika nyumbani alikichemshia uji wa pumba, akaumwaga, akakisugua ndani aone kama kinatoa mchanga. Sote tulifanya hivyo. Udongo tuliushuku, lakini chuma kinachong'aa nani angekishuku?

"Wifi, chukua hii," Tumwimbe akasema. "Wageni wakija tuiweke waione. Hiyo nyingine inafanana na jembe."

Subilaga akajitazama kwenye silinda, akatabasamu, akaichukua.

Mwanzoni ilifanya kazi vizuri, na vidole vyake vikapona. Kisha ikaanza kulia. Kila alipozungusha mpini, kile kisahani kinachosukuma nyama kilikwaruza ukuta wa silinda. Akakipaka mafuta ya nguruwe, sauti ikapungua, tukasahau.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imekatika asubuhi. Alijaza soseji, akazichemsha, Tumwimbe akabeba sahani ya mzee akaondoka. Sisi wawili tukabaki kuosha vyombo. Subilaga alitia mkono ndani ya silinda, akautoa haraka. Kidole kilikuwa kinatoka damu.

"Mama Lugano," akaniita, "hebu tazama humu."

Nikatazama. Mng'aro ulikuwa umebanduka. Palikuwa na mabaka meusi ndani, mengine upana wa kucha. Subilaga akapasua soseji iliyobaki kwenye sinia. Katikati ya nyama tukaona gamba jembamba kama la samaki, kali pembeni kama wembe. Akapasua nyingine, hakuna kitu. Akapasua nyingine tena, lipo.

"Yeye hatafuni," akasema polepole. "Anameza."

Niliogopa mpaka tumbo likakaza, nikadhani uchungu umeanza. Nisingeweza kukimbia na mimba ile. Subilaga aliachia sinia likaanguka, akatoka mbio kwenye tope, nami nikamfuata kwa mwendo wa bata, nimeshika kiuno.

Nilipofika kwenye uzio wa mianzi nilimkuta amesimama, ameshika nguzo ya lango kwa mikono miwili. "Wifi!" aliita. "Wifi Tumwimbe!" Hakuna aliyejibu. Tumwimbe alikuwa ameacha sahani akateremka kijitoni kuchota maji. Mlango wa mzee ulikuwa wazi, na ndani tulisikia kijiko kikigonga sahani.

"Mwite," nikamwambia.

"Nimwite kwa jina gani?" akanijibu, machozi yanamtoka. "Na watoto wangu?"

Kijiko kikanyamaza. Tukasikia kikohozi, kisha kingine, kisha sauti ya mtu anayetafuta pumzi haipati. Sijawahi kusikia sauti ya kutisha kama ile, hata misibani.

Subilaga alijifunika khanga kichwa kizima, akageuka, akaingia ndani kinyumenyume. Nilimwona kutoka langoni, mgongo mbele, mkono unapapasa hewani kutafuta sahani. Aliigusa, akaivuta, ikaanguka. "Usile, baba," akasema ndani ya khanga. "Kuna chuma." Mzee alikuwa amejishika koo.

Hapo Subilaga akaivua khanga, akageuka.

Alimkamata baba mkwe wake kidevu, akamfungua kinywa, akaingiza vidole viwili hadi kooni. Mzee alimtazama, naye alimtazama. Alipovitoa, gamba lilikuwa katikati ya vidole, linang'aa bado, na damu juu yake. Mzee akavuta pumzi. Subilaga aliliweka kiganjani mwa mzee, akajifunika, akatoka nje akakaa kwenye tope kama mtu aliyeua.

Hofu haikuishia hapo. Mzee alilala siku kadhaa bila kusema, anatema damu, na hatukujua kama kuna gamba jingine alilomeza. Subilaga hakulala. Aligusa mikono ya watoto wake kila saa kuona kama imekonda. Nguo zake alikwisha kuzifunga. Mdogo wake mzee akawaita wazee wa ukoo uani pale, akasema mwanamke huyu amemtazama mkwe, tena amemtia mkono kinywani. Arudi kwao, na ng'ombe alipwe.

Mzee Mwambungu akatoka mwenyewe mlangoni, ameshikilia mwimo, sauti imepasuka. Akanyoosha kiganja, na lile gamba lilikuwa juu yake.

"Mnamhukumu aliyenitazama mimi," akasema. "Mbona hamuulizi kwa nini hakuna aliyeitazama mashine? Kila chungu cha mji huu kimechemshiwa pumba kabla sijala chakula chake. Chuma hicho kimepita kwa sababu kinawaka. Ukinunua mng'aro, utakula mng'aro. Mimi nimeula. Ng'ombe nitamtoa mimi, maana kinywa kilichofunguliwa ni changu. Mkwe wangu afungue mzigo wake."

Wazee wakatazamana, wakainuka mmoja mmoja wakaenda zao. Subilaga, nyuma ya uzio, akalia kwa sauti.

Tulirudi gulioni tukachukua ile ya kijivu. Subilaga aliigonga kila upande, akaichemshia pumba, akaisugua kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kikabaki cheupe. Soseji ya kwanza aliila mwenyewe, akitafuna taratibu huku macho ameyafumba.

Yeye na mzee hawakutazamana tena mpaka mzee alipozikwa. Tumwimbe aliendelea kupeleka sahani. Lakini mzee hakuila tena soseji kwa kijiko. Aliivunja kwa vidole, akapapasa kila tonge kabla ya kulitia kinywani, na Subilaga alisimama nyuma ya mianzi, akisikiliza, mpaka sahani irudi.

Subilaga alipohamia kwa mwanawe aliniachia mashine. Ndiyo hiyo mnayoicheka. Mkitaka nyingine, haya, ileteni. Mtaichemshia pumba mbele yangu, na soseji ya kwanza mtaila ninyi. Ukinunua mng'aro, utakula mng'aro.