Balbu ya Bi Kanga

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na umeme na sisi hatuna hata kibatari (usicheke, sikiliza!), Bi Kanga aliishi mwisho kabisa wa waya. Baada ya nyumba yake hapakuwa na nguzo, ni pori tu.

Alikuwa na mayai yake na ya marehemu dada yake, mengi kuliko mbawa zake zingeweza kufunika. Akayapanga ndani ya sanduku, akayawashia balbu iyape joto.

Huko juu, karibu na transfoma, walikaa wakubwa wawili. Kiboko alikuwa na pampu ya kujazia bwawa, Nyati mashine ya kusaga. Kila jioni waliwasha pamoja, maana hakuna aliyekubali mwenzake atangulie. Ngrrrr! Umeme ukawa mdogo, mashine zikaanza kukohoa, koh, koh! Na kwa Bi Kanga balbu ikawa nyekundu, ikafifia.

Jioni moja aligusa mayai, akakuta yanapoa. Jamani, alilia!

"Nikiwaomba watanicheka," aliwaza. "Hawa husikia mashindano tu."

Asubuhi akafika kwa Nyati, mbio mbio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka nini, we madoadoa?"

"Nina siri. Asubuhi Kiboko yuko majini, pampu kaizima. Umeme wote unapita mlangoni kwako! Saga sasa, umalize kazi, usimbakizie kitu."

"Lo! Wote?"

"Wote, mzee!"

Kisha huyoo, kwa Kiboko.

"Mzee, Nyati anasaga asubuhi, anadhani anakuibia. Jioni atakuwa hoi. Subiri jioni uwashe, uvute peke yako."

"Ha! Mjinga yule," Kiboko akacheka.

Ikawa hivyo. Balbu ya Bi Kanga ikawaka nyeupe, pee, kutwa kucha.

Lakini wenye majivuno hawajui kunyamaza. Siku moja walikutana penye nguzo.

"Umeme wako naumaliza asubuhi!" Nyati akatamba.

"Wapi! Mimi jioni navuta wote. Kanga kaniambia."

"Kanga? Hata mimi kaniambia!"

Wakashuka kwa Bi Kanga, puu, puu, puu! Yeye akasimama mbele ya sanduku. Wakiwasha tena pamoja kwa hasira, mayai yamekwisha.

"Umetudanganya!"

"Nimewadanganya, wazee wangu," alisema. "Lakini niambieni, mashine imekohoa tena?"

Nyati akajikuna shingo. "Haijakohoa."

"Na bwawa?"

"Limejaa pomoni," Kiboko akanung'unika.

"Tii! Tii!" Sandukuni, yai lilikuwa limepasuka, na kifaranga aliyelowa akachungulia.

Kiboko akarudi nyuma taratibu, asije akakanyaga kitu.

"Sikia, Nyati," akanong'ona. "Asubuhi chukua wewe. Ila ukinigusia jioni yangu, nakung'ata!"

"Na wewe asubuhi yangu uiache!"

Basi, wanangu, nguvu ya wengi ikitumiwa kwa zamu, hata wa mwisho hupata joto.