Sauti Iliyochelewa Uani

Kaeni, ndugu zangu. Leo sina maneno mengi, maana mfano wenyewe unanichoma mimi kwanza.

Kulikuwa na baba mmoja, mwanajumuiya mzuri tu, zaka anatoa, aliyenunua spika zisizo na waya akazitandaza nyumba nzima. Sebuleni, jikoni, barazani, vyumba vya watoto. Msicheke, hata msalani! Zote aliziendesha kwa simu yake. Akibonyeza mara moja, kwaya inaimba kila chumba kwa pamoja, neno kwa neno. Ungetembea kutoka jikoni mpaka barazani usipotewe na hata silabi moja.

Lakini kupatanisha spika si kazi ya kukaa kwenye kochi. Fundi alimweleza kwamba kila chumba lazima aingie na simu mkononi, asimame, asikilize, ndipo spika ya humo itakwenda sawa na nyingine. Wakazunguka vyumba vyote. Kikabaki kimoja cha uani, alimokaa mama yake mzazi, aliyeletwa kutoka kijijini kwa sababu ya miguu.

"Bosi, bado huku," fundi akasema. "Dakika tano tu."

"Hicho kiache. Spika iweke hapo mlangoni, nitaimalizia mwenyewe. Bi mkubwa akianza habari za ng'ombe wake hatutoki leo."

Je, aliimalizia? Jibu mnalo. Wiki ya kwanza kazi, ya pili msiba, ya tatu mpira, mwisho akasahau kabisa. Chakula cha mama kilipelekwa na dada wa kazi, na salamu za mama zilirudi pamoja na sahani.

Ikafika Jumamosi ya jumuiya kusali kwake. Desturi yetu mnaijua: kabla ya sala, mwenye nyumba huwataja watu wa nyumba yake ili tuwaombee. Akasimama, akamtaja mkewe, watoto watatu, dada wa kazi. Akamtaja hata mbwa, watu wakacheka. Mama hakumtaja. Hakukusudia ubaya, hakumkumbuka tu, na sijui kama hiyo ni afadhali.

Akabonyeza simu. Wimbo wa Bikira Maria ukajaa nyumba nzima, watu wakaupokea. Ubeti wa pili, kila mtu akasikia kitu. Kutoka nyuma ya nyumba ilikuja sauti nyembamba inayoburuta maneno. Wenzake wakimaliza mstari, yenyewe ndiyo kwanza iko katikati. Waimbaji wakaanza kuyumba, na mwenye nyumba akaona haya mbele ya wageni.

"Mtaniwia radhi," akasema. "Ni spika ya uani. Haijapatanishwa, ndiyo maana inachelewa. Naizima sasa hivi."

Akabonyeza. Simu ikamwandikia: Spika hii haijawahi kuwashwa.

Akazima zote. Nyumba ikanyamaza, na ile sauti ikaendelea peke yake mpaka mwisho wa ubeti.

Mwenyekiti wa jumuiya, mama mtu mzima, akamgeukia. "Baba, nani yuko huko?"

"Ni mama yangu."

"Yupo hapa tangu lini?"

"Tangu Kwaresima," akajibu, naye akiinamisha kichwa. Na huo ulikuwa mwezi wa Rozari, Oktoba.

Akaenda, akafungua mlango. Mama ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa kitenge chake cha kanisani, kilemba kichwani, rozari mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa. Spika ilikuwa bado ndani ya boksi, na juu ya boksi kikombe cha chai.

"Mwanangu," mama akasema, "nimewaharibia wimbo? Nilikuwa nawafuata kupitia ukutani, ila mnakwenda mbio."

Wewe ungejibu nini?

Sasa tuje kwetu, tusimcheke mwenzetu. Sisi hapa tumepatanisha kila kitu. Kwaya sare moja, sauti nne, kinanda kipya. Sauti moja ikichelewa, tunasema ni kasoro, mkono unaenda kwenye kitufe. Nani kati yetu anainuka kwanza kwenda kuona ni nani anayeimba?

Mimi katekista wenu, mwezi uliopita, nilimwambia mzee mmoja wa benchi la mwisho asiitikie zaburi kwa sauti, kwa kuwa anatuchelewesha. Nilimwambia kwa upole kabisa, na nikajiona nina hekima. Tangu siku ile hajafungua kinywa humu ndani. Yupo pale leo. Mzee wangu, nimeona aibu, na naisema mbele ya hawa wote. Naomba unisamehe.

Sasa tusimame kwa wimbo. Mwongoza kwaya, nakuomba kitu kimoja: anza wewe, kisha usikimbie. Imba polepole, mpaka aliye nyuma atufikie.