RAM Mbili za Nelima

Waliosema kidole kimoja hakivunji chawa hawakuwahi kuona kompyuta. Maana yake ni kwamba mmoja, hata awe na nguvu za ndovu, hushindwa na kazi inayotaka wawili. Nelima alilijua hilo kwa kufuli na ufunguo, kwa chungu na kifuniko. Hakujua kama limo hata ndani ya mashine.

Binti huyu alikuwa na banda la michezo ya kompyuta huko Kambi Muru, Kibera. Sakafu yake ilipigwa deki kila asubuhi, ikang'aa kama sahani. Ila kompyuta yenyewe ilikwamakwama: goli liliingia kabla mguu wa mchezaji haujainuka. Jackie, mwandalizi wa mashindano ya vijana wa mtaa wa Olympic, hakumficha. "Jumamosi nakuja kuicheki. Ikikwama, tunaenda kwingine." Bila mashindano hayo banda lingefungwa.

Fundi alikwisha kusema kuwa RAM, kumbukumbu ambayo mashine hufanyia kazi, ni ndogo. Basi Ijumaa Nelima akalifunga boksi la kompyuta mgongoni kwa leso, akaenda na binamu yake Shivachi hadi Kawangware, kwa Mutunga muuza vipuri. Hakuwa mtu wa kununua asichokijaribu.

"Mtoto ana miezi mingapi?" Mutunga akamtania.

"Ana miaka sita na hajaota meno. Mtafutie."

Mutunga akatoa RAM moja ya giga kumi na sita, ikimetameta taa za rangi kama ukumbi wa harusi. Kando akaweka mbili za giga nane nane, nyeusi tii, bila urembo. Bei ilikuwa sawa. Kisha akageukia mteja mwingine.

"Sista, beba hiyo ya taa!" Shivachi akasema. "Hizo zingine zinakaa kama vipande vya makaa."

Nelima akaichomeka ile ya taa. Mchezo ukafunguka upesi kwenye skrini ya dukani, lakini uwanja ulipojaa mashabiki, picha zikaanza kurukaruka. Akaitoa, akachomeka zile mbili bega kwa bega. Mambo yakawa yale yale!

"Si nilikuambia?" Shivachi akacheka hadi akashika mbavu.

Nelima aliinama, akayachungulia matundu manne ya RAM polepole, kama mama achaguaye mchele. Jeusi, la kijivu, jeusi, la kijivu.

"Mutunga, mbona rangi zinapishana?"

"Hapo sasa umeuliza!" Mutunga akarudi mbio. "Zikibanana hivyo, zinagombania mlango mmoja. Ziweke rangi moja, kila moja ipate mlango wake, zibebe mzigo pamoja."

Nelima akazihamisha. Mpira ukateleza kiwanjani kama mafuta, mashabiki wakapunga bendera, wala picha haikutetema. Shivachi akakohoa kidogo. "Leta leso, nitabeba mimi."

Jumamosi Jackie akaketi, akacheza mechi tatu. Alipoinuka, alitoa orodha ya timu kumi na sita, akaibandika mlangoni pa banda.

"Kumbe ulinunua RAM kubwa?"

"Hapana," Nelima akasema. "Ndogo mbili."

Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.