Nakijwa na Mawinda ya Namkunda

Paukwa!

Pakawa!

Aliyebanwa na aende sasa, maana nikianza sisimami njiani. Mmerudi wote? Haya, sogeeni motoni.

Hapo zamani za kale, huko milimani, enzi ambazo mnyama ukimuuliza anakujibu, aliishi mwanamke aitwaye Nakijwa. Alikuwa na mtoto mmoja, binti, jina lake Namkunda. Namkunda alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Alitembea kama bata, alijua maneno matano, na bado alifungwa winda, kile kitambaa cha kumkinga mtoto asichafue nguo.

Basi mama mkwe wa Nakijwa, Bibi Nanzia, alikuwa akimwoza binti yake wa mwisho baada ya mavuno. Miaka miwili alisuka mikeka ya harusi. Asubuhi moja akapita kwa Nakijwa, akaona mawinda yameanikwa kwenye kamba, akaguna.

"Nakijwa, haya mawinda mpaka lini?"

"Mtoto bado mdogo, mama."

"Mdogo! Mumeo aliyaacha kabla hajaota magego. Sasa sikia. Mtoto wa winda hakanyagi mikeka yangu. Asipoingia yeye, na wewe huingii. Una mwezi mmoja."

Akaenda zake.

Nakijwa alikuwa mtu wa kushika jambo mpaka mwisho. Kesho yake, umande haujakauka, akaketi nyuma ya nyumba, akanyoosha miguu, akamkalisha Namkunda juu ya nyayo zake. "Shii, shii, shii," akamwimbia. Mtoto akatazama mawingu. Aliposhushwa tu, chururu! Akamlowesha mama yake mpaka kwenye vidole.

Nakijwa hakukata tamaa. Asubuhi shii, mchana shii, jioni shii. Mtoto akianza kulia, humshika. Akijinyonganyonga, humshika zaidi. Mwishowe Namkunda akisikia "shii" tu, anakimbilia mvunguni mwa kitanda.

Kisha akaanza kujizuia. Siku ya kwanza hakwenda haja kubwa. Siku ya pili hakwenda. Siku ya tatu hakwenda, na tumbo likawa gumu kama kibuyu. Akakataa uji. Akakataa hata ziwa la mama yake. Nakijwa akamgusa paji la uso, linachoma kama jiwe la jikoni, na hofu ikamshika.

Akambeba, akatoka nje kutafuta shauri. Akamkuta kuku.

"Kuku, wanao uliwafundisha haja lini?"

"Kufundisha nini?" kuku akauliza, naye akaachia pale pale alipo.

Akaenda kwa mbuzi. "Mbuzi, wanao uliwafundisha haja lini?"

"Kalitazame zizi langu kwanza, halafu urudi uniulize."

Akaenda kwa paka, aliyekuwa amelala kwenye majivu na watoto wake wawili. "Paka, wanao uliwafundisha haja lini?"

Paka akamtazama mtoto, akatazama lile tumbo. "Bado sijawafundisha. Nikiwapeleka mchangani leo, watalala usingizi huko mchangani. Nangoja miguu iwabebe vizuri. Nangoja wachukie kulowa. Nangoja wajue kabla, si baada."

"Na nikichelewa?"

"Ukichelewa utafua mawinda. Ukiwahi utafua mawinda, na machozi juu yake. Mrudishie winda huyo, mpe papai lililoiva, mpake mafuta tumboni. Na ile shii yako, iache."

Nakijwa akafanya hivyo. Akamsugua tumbo taratibu, akamlisha papai kipande kwa kipande, wala hakumkalisha popote. Kesho yake adhuhuri Namkunda akajificha nyuma ya ghala, akachuchumaa na winda lake, uso ukawa mwekundu, akamaliza. Nakijwa alipolifungua lile winda alipiga vigelegele peke yake uani, na majirani wakadhani amepata mgeni.

Jioni ile ile, homa ikiwa imeshuka, akaenda kwa mama mkwe.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kukuambia kwamba sianzi kumwachisha winda. Sianzi mwezi huu, wala sianzi kwa ajili ya harusi. Nitaanza siku mtoto atakapokuwa tayari."

"Utakaa nje, watu wakuone?"

"Nitakaa nje."

"Watakucheka, Nakijwa."

"Wacha wacheke, mama. Wewe hukuliona lile tumbo."

Bibi Nanzia akavuta ukindu wa mkeka aliokuwa akisuka, kwa nguvu mpaka ukakatika.

Siku ya harusi ikafika. Wanawake wakaingia ndani, wakaketi mikekani, wakaimba. Nakijwa akatandika kanga yake uani, akaketi na mwanawe. Mmoja akapita akamwambia, "Pole." Mwingine akapita akacheka. Wa tatu akapita akajifanya hamwoni. Hakuinuka. Akamlisha Namkunda wali, akaitikia nyimbo kutoka pale pale alipo.

Mvua za vuli zikanyesha, zikakatika. Namkunda akajifunza kuchuchumaa na kuinuka bila kushika kitu. Siku moja akaamka usingizini mchana, na winda likawa kavu. Nakijwa akasema, "Bado." Siku nyingine akalivua winda lililolowa, akalitupa mbali kwa hasira. Nakijwa akasema, "Bado kidogo." Kisha asubuhi moja, mama akichambua mchicha, Namkunda akaja, akaivuta kanga yake, akasema, "Mama, kojo!" Na chini palikuwa pakavu.

"Leo!" Nakijwa akasema, mchicha ukamwagika.

Siku hiyo akawahi mara moja, akachelewa mara tatu. Kesho yake akachelewa zote, Nakijwa akapangusa. Lakini hakuna aliyelia, wala hakuna aliyejificha mvunguni, na mwezi ulipoandama kamba ya nguo haikuwa na winda hata moja.

Hapo ndipo Bibi Nanzia akaja, boga kichwani. Kabla hajalitua, Namkunda akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye mlango wa choo, ule wa fito. Bibi akataka kuingia naye. Mtoto akamzuia.

"Bibi, ngoja hapa."

Akaingia peke yake, akaurudisha mlango. Nakijwa, aliyekuwa akitwanga uani, akausimamisha mchi, akatazama.

"Tayari?" Bibi akauliza.

"Bado."

Jua lilikuwa kali. "Tayari, mjukuu wangu?"

"Bado, Bibi."

Mara ya tatu Bibi Nanzia alifungua kinywa, kisha akakifunga. Akaliweka boga vizuri kichwani, akasimama, akangoja.

Nami hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni. Aliyesikia na amsimulie mwenye mtoto.