Sina Neno Nawe Jirani

Hapo zamani, kanga zilipokuwa zikigongwa kwa mihuri ya mbao, mwanamke akikosana na mwenziwe hakumsema, alimvalia. Kaeni vizuri, na wewe unayesinzia nakuona.

Bi Mwanahija alikuwa muuza vitumbua, lakini raha yake ilikuwa kutunga majina ya kanga. Vitumbua vinaungua, yeye anatunga. Basi akakosana na jirani yake Bi Riziki, shoga yake wa tangu utoto, kisa kuku aliyekwenda kutaga uani kwa mwenziwe. Mwezi mzima hawaamkiani. Bi Mwanahija roho ikamuuma, chakula hakipiti. Akaona amgongee shoga yake doti ya kuombana radhi, jina lake: SINA NENO NAWE JIRANI.

Maneno akampelekea Fundi Shekue. Huyu alikuwa kinyozi, na kuchonga mbao ndiyo burudani yake akikosa kichwa cha kunyoa. Sasa, maneno ya muhuri huchongwa kinyume, kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Fundi akachonga N ya jirani, ya nawe, mbili za neno, ya sina, mkono ukazizoea. Alipofika kwenye S, mkono ukachonga N nyingine. Kanga ikatoka: NINA NENO NAWE JIRANI. Bi Mwanahija, kwa haraka ya kupatana, akaikunja bila kusoma, akaipeleka.

Bi Riziki akaisoma mara mbili. Hakuirudisha. Akajifunga, akaitembeza mji mzima, kila nyumba hodi, kila harusi yumo, akigeuka wasome nyuma.

"Tazameni nilicholetewa na shoga yangu."

Alitaka aibu impate mwenziwe. Kumbe kila anayesoma anamkumbuka jirani yake mwenyewe. "Na mimi nataka hiyo hiyo, inauzwa wapi?" Wiki ya pili mlango wa Bi Mwanahija haufungiki kwa wateja, na mji mzima hausalimiani.

Hapo akaja tajiri wa vitambaa, mkononi ana ufunguo wa duka sokoni, akawaita mbele yake mtungaji, mchongaji na mvaaji.

"Duka bure, vitambaa juu yangu," akasema. "Lakini mimi hufanya kazi na mtu mmoja. Jina hili ni la nani?"

"Langu," akasema Fundi Shekue. "Yeye alisema sina. Nina ni ya mkono wangu, hata kama uliteleza. Sina angeinunua nani mji huu?"

"Muhuri wako ungelala na vumbi," akasema Bi Riziki. "Niliyetembea mpaka visigino vikapasuka ni mimi, na tusi nimelibeba mimi."

"Bila mimi mngechonga nini, mngevaa nini?" akasema Bi Mwanahija. "Neno ni langu, nawe ni langu, jirani ni langu. Fundi kabadili herufi moja tu."

Bi Riziki akamkazia macho. "Haya. Ukisema jina hili ni lako, basi ulinitukana, na sikusamehe mpaka kiama. Ukisema si lako, nakukumbatia sasa hivi, lakini duka huna."

Bi Mwanahija akamtazama shoga yake, machozi yakamlengalenga. Alimpenda Riziki. Akautazama ufunguo. Na duka lile, jamani, lilikuwa na baraza.

Mimi nimefika hapa, msinitolee macho. Je, nani alistahili ufunguo: aliyetunga amani, aliyekosea kuchonga, au aliyetembeza hasira? Na wewe unayecheka, ungekuwa Bi Mwanahija, ungesema ni lako au si lako?